Pumzi Kwanza, Kijiko Baadaye: Kumlisha Mgonjwa Mnyonge Mwenye Mapafu Dhaifu

Mgonjwa akirudishwa nyumbani kutoka hospitali, ndugu huanza kwa kumpikia. Hapa Busia nimeingia nyumba nyingi nikakuta uji tayari uko kwenye sigiri, na mfuko wa dawa haujafunguliwa. Bibi amekonda, kila mtu anataka ale. Binti anakaa pembeni ya mkeka, mkono mmoja umeinua kichwa cha mgonjwa, mwingine umeshika kijiko. Bibi anakohoa. "Umempalia kidogo tu," wanasema, na kijiko kinarudi mdomoni. Siku chache baadaye anarudi wodini na nimonia.

Mimi ni muuguzi, na siku hizi kazi yangu kubwa ni kuwatembelea wagonjwa majumbani. Kwenye wodi zetu nyingi za Uganda anayemlisha mgonjwa ni ndugu aliyelala sakafuni kando ya kitanda, na sisi wauguzi hatuna mikono ya kutosha. Kwa hiyo ninamwandikia huyo ndugu.

Koo ni njia panda

Weka vidole viwili mbele ya shingo, juu ya koo, kisha meza mate. Utahisi kongomeo likipanda na kushuka. Linapopanda, kifuniko kidogo cha gegedu hulalia mlango wa hewa, na pumzi husimama kwa muda wa nusu sekunde hadi sekunde moja hivi ili tonge lipite nyuma kuelekea tumboni. Mtu mwenye afya kwa kawaida humeza akiwa anashusha pumzi, kisha humalizia kuishusha. Hewa ile inayotoka hupeperusha mabaki yaliyobaki mlangoni.

Sasa mfikirie mtu anayehema mara 30 kwa dakika. Kila pumzi yake, kuvuta na kushusha, ina sekunde 2 tu. Akitoa sekunde moja ya kumezea, nusu ya pumzi imekwenda. Mwili haukubali hasara hiyo: mara tu anapomeza anavuta hewa kwa pupa, na uji uliobaki kooni unavutwa nayo. Ndiyo maana mtu ambaye koo lake halina ugonjwa wowote anaweza kupaliwa kila siku kwa sababu ya mapafu tu.

Kuna upande wa pili. Ulimi ni msuli, koo lina misuli, na kikohozi kinategemea misuli ya kifua na tumbo. Mtu akilala kitandani wiki tatu bila kula vizuri, misuli hiyo yote inayeyuka pamoja na ya mapajani. Anapaliwa zaidi na anakohoa kwa unyonge zaidi. Akipata nimonia, pumzi inakuwa ya haraka kuliko mwanzo, na mduara unaanza upya.

Wengi wa wagonjwa hawa wana historia ya moshi. Utafiti uliofanywa wilayani Masindi na kuchapishwa mwaka 2015 ulikuta kwamba asilimia 16.2 ya watu wa miaka 30 na zaidi walikuwa na ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, na wakazi wengi mno walikuwa wakivuta moshi wa kuni. Wapo pia waliopona kifua kikuu lakini mapafu yakabaki na makovu. Ongeza waliopata kiharusi, wenye moyo uliochoka, wenye ugonjwa wa kutetemeka na wazee waliopoteza kumbukumbu.

Hatua ya kwanza: jua kinachomshinda ni kipi

Usiseme "hawezi kumeza" ukaishia hapo. Uliza, na utazame.

Kama maji na chai ndivyo vinavyompalia, lakini matoke laini yanapita, tatizo mara nyingi liko kwenye misuli na mishipa ya fahamu, kama baada ya kiharusi, au kwenye pumzi kama nilivyoeleza. Mwongozo huu ni wa mtu huyo.

Kama posho (ugali) na nyama vinakwama kifuani, akisukuma kwa maji, na baada ya wiki kadhaa hata uji unaanza kukwama, hiyo ni habari nyingine kabisa. Saratani ya umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, ipo sana Uganda. Usipoteze miezi ukibadilisha uji. Mpeleke hospitali ya rufaa ya mkoa, kwetu sisi ni Mbale au Jinja, uulize habari ya kupimwa kwa kamera ya umio.

Na kama anasema kumeza kunauma, mwangalie mdomo kwa tochi. Utando mweupe ulimini na kwenye kaakaa ni fangasi, hasa kwa mwenye virusi vya ukimwi au anayevuta dawa ya pumu yenye steroidi. Fangasi ya umio ina dawa, na wengi hula vizuri ndani ya siku chache baada ya kuianza.

Mwisho, sikiliza sauti. Mwambie aseme "aaa" kabla ya kula na baada ya mafunda mawili ya maji. Ikiwa ya pili ina majimaji, kama mtu anayeongea huku anasukutua, kuna kitu kimekaa juu ya mlango wa hewa. Tahadhari hapa: wapo wanaopaliwa bila kukohoa hata kidogo. Ukimya wa mgonjwa si cheti cha usalama. Hata kipimo cha oksijeni cha kidoleni hakiwezi kukuambia kwa uhakika kwamba chakula kimeingia mapafuni.

Hatua ya pili: hesabu pumzi

Watu wengi huruka hatua hii, nami ningeomba uishike kuliko zote. Kabla ya kila mlo, tazama kifua au tumbo likipanda, hesabu kwa dakika nzima ukitumia saa ya simu. Usimwambie unahesabu, maana atabadilisha pumzi yake. Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi mara 12 hadi 20.

Mimi hufuata hivi: ikiwa chini ya 25, tunakula polepole. Ikizidi 25, chakula kinasubiri. Tunamkalisha, tunampepea, tunarudia kuhesabu baada ya dakika 15 au 20. Ikiwa 30 au zaidi na haishuki, hakuna kijiko, na safari ya kituo cha afya inaanza kupangwa. Mgonjwa sugu wa mapafu anaweza kuishi na 24 kila siku, basi jua namba yake ya kawaida na uiandike kwenye daftari. Kupanda kutoka pale ndiko kunakotisha.

Nimegombana na mashangazi wengi juu ya jambo hili. Wanaona ninamnyima mgonjwa chakula. Mlo uliosubiri nusu saa haujamuua mtu niliyemjua mimi. Kijiko kilichoingizwa katikati ya kutweta nimeona kikifanya hivyo.

Kumtuliza, mkalishe akiinama mbele kidogo, viwiko juu ya meza au juu ya mto uliowekwa mapajani. Avute hewa kwa pua, aishushe taratibu kwa midomo iliyobanwa kama anayepuliza chai ya moto. Mpepee usoni, kwenye pua na mashavu. Watu hucheka wakiona upepeo wa ukindu unatumika kama dawa, lakini upepo usoni umethibitishwa kupunguza hisia ya kukosa hewa.

Hatua ya tatu: mdomo, hata kama hana meno

Hebu tukae hapa kidogo, kwa sababu naamini mswaki umeokoa mapafu mengi kuliko uji mzito. Mate yenyewe huteleza mapafuni, hasa usiku, hata kwa mtu asiyekula chochote. Mate masafi mwili unayaweza. Mate yaliyojaa vijidudu vya mabaki ya chakula cha juzi ndiyo yanayozaa nimonia.

Piga mswaki asubuhi na usiku, kwa mswaki laini na dawa kidogo sana, mgonjwa akiwa amekaa au amelala ubavu ili maji yatiririke nje. Kama hawezi kutema, tumia kitambaa safi kilicholoweshwa na kukamuliwa, ukizungushe kidoleni: mashavuni, chini ya ulimi, kwenye kaakaa. Chakula hujificha shavuni upande uliopooza. Kabla ya mlo pia, pangusa mdomo. Mdomo mkavu haumezi vizuri.

Meno ya bandia yatoke usiku, yasuguliwe, yalale kwenye maji. Utafiti wa Japani kwa wazee wa miaka 85 na zaidi uliona kwamba waliolala nayo walipata nimonia takriban mara mbili zaidi ya wasiolala nayo.

Hatua ya nne: mkao

Kiti ni bora kuliko kitanda. Miguu ikanyage chini au juu ya kigoda, kiuno kirudi nyuma kabisa, mgongo wima. Kidevu kielekee chini kidogo kama anayetazama sahani. Kidevu kikiinuliwa juu, kama tunavyowafanyia watu tukiwanywesha kwa nguvu, mlango wa hewa unakuwa wazi. Kwa sababu hiyohiyo, wewe unayelisha kaa. Ukisimama juu yake, atainua uso kukutazama.

Vitanda vya wodini mara nyingi haviinuki, na nyumbani pengine kuna godoro chini tu. Chukua kiti cha mbao, kigeuze kichwa chini miguu juu, mgongo wake uliolala kwa mteremko uwe nyuma ya mgonjwa, kisha panga mito au mashuka yaliyokunjwa juu yake. Ni egemeo zuri lisilogharimu chochote. Weka nguo iliyoviringishwa chini ya magoti asiteleze. Aliyepooza upande mmoja, mzibie pengo la upande huo kwa mto asiinamie huko.

Baada ya kula abaki wima dakika 30 angalau. Usimlaze ili uoshe vyombo.

Hatua ya tano: chakula chenyewe

Chakula kigumu kuliko vyote kwa koo dhaifu ni kile chenye sura mbili kwa pamoja: mchuzi mwepesi wenye vipande. Katogo (matoke yaliyopikwa pamoja na mboga au nyama) ya maji mengi, mkate uliochovywa chai, chungwa. Maji hukimbilia kooni wakati ulimi bado unashughulika na kipande. Vingine vya kuacha ni karanga nzima, mahindi ya kuchoma, chapati kavu, mukene (dagaa) wenye vichwa na miiba, na posho kavu inayomeng'enyeka. Kalo, ugali wa ulezi, nayo inanata. Wazee wanaipenda na wanabisha, lakini kwa mtu anayebakiza chakula kooni ni hatari.

Kinachofaa: matoke yaliyopondwa mpaka laini na mchuzi mzito wa karanga iliyosagwa, viazi vitamu vilivyopondwa kwa maziwa, parachichi, yai laini lililovurugwa, maziwa ya bongo (ya mgando), maharage yaliyochujwa maganda, mukene uliosagwa unga na kuchanganywa ndani ya mchuzi. Tonge lishikamane, lakini lisinate. Liinamishe kijikoni: likianguka lote kwa pamoja bila kuacha gundi, ni sawa.

Kuhusu vinywaji vizito, kuna kipimo rahisi kinachotumika duniani. Nunua dukani bomba la sindano la mililita 10, lile ambalo kutoka sifuri hadi alama ya 10 lina urefu wa milimita 61.5. Toa kisukumio, ziba tundu la chini kwa kidole, jaza kinywaji hadi 10, achia sekunde 10, ziba tena. Kikibaki chini ya mililita 1, hayo ni kama maji. Kikibaki kati ya 4 na 8, ni kizito kidogo, kiwango cha 2. Kikibaki zaidi ya 8 na bado kinadondoka, ni kiwango cha 3. Ukijua kiwango kinachomfaa, kila mpishi nyumbani anaweza kurudia uji uleule.

Ila kuna hila moja. Uji wa ulezi au mahindi ni wanga, na mate humeng'enya wanga. Kijiko kilichotoka mdomoni kikirudi kikombeni mara kadhaa, uji uliokuwa mzito unageuka maji katikati ya mlo, na mgonjwa anapaliwa huku wewe ukishangaa. Chota kidogo kwenye kikombe kingine, iliyobaki ifunike.

Na usigeuze kila kitu kuwa kizito kwa woga. Wengi huchukia vinywaji vizito, wanakunywa kidogo, mkojo unakuwa wa rangi ya chai, wanachanganyikiwa kwa ukosefu wa maji. Kunenepesha kinywaji hupunguza kupaliwa kwa baadhi ya watu. Hakuponyi koo, na kitu kizito kikiingia mapafuni ni kigumu kukitoa. Mtu anayekohoa vizuri, mdomo msafi, anaweza kuruhusiwa mafunda madogo ya maji matupu. Mtaalamu wa mazungumzo na umezaji akipatikana, umuulize yeye. Makerere inawasomesha, ila wengi wako Kampala.

Hatua ya sita: kijiko

Kijiko cha chai. Tia nusu. Kilete kutoka chini, kigandamize kidogo ulimi, kitoe moja kwa moja bila kukwangua meno ya juu. Subiri uone kongomeo limepanda. Mwambie ameze tena, mara hii bila chakula. Hesabu pumzi mbili au tatu za kawaida, ndipo kijiko kingine. Kila vijiko vitano, mwambie akohoe na aseme "aaa."

Usimsemeshe mdomo ukiwa umejaa. Redio izimwe, hasa kwa mwenye kusahau. Mwache ashike kijiko mwenyewe kama mkono unaweza, hata kwa kuuongoza. Anayejilisha hupaliwa kidogo kuliko anayelishwa, kwa sababu ubongo unajua tonge linakuja. Mlo ukipita dakika 30 amechoka: acha. Mpe mara tano au sita kwa siku, kidogokidogo, na kila kikombe kiwe na nguvu: kijiko cha mafuta, karanga iliyosagwa, yai, maziwa. Mpime uzito kila wiki ukiweza. Kupungua asilimia 5 ndani ya mwezi, yaani kilo 2.5 kwa mtu wa kilo 50, ni sababu tosha ya kumrudisha kliniki.

Mapafu kati ya milo

Mtoe kitandani. Kukaa tu kitini kunafungua sehemu za chini za mapafu, na hatua chache hadi mlangoni ni bora kuliko dawa nyingi za kikohozi tunazonunua. Mfundishe kutoa makohozi kwa kuhaa: avute pumzi ya wastani, kisha aitoe kwa nguvu mdomo wazi, kama anayepuliza kioo apate kukifuta. Afanye hivyo saa moja kabla ya kula, wala si tumbo likiwa limejaa. Sigiri na kuni vihamie nje, na sigiri isiingizwe kamwe chumbani kumpasha joto.

Anayetumia inhela, kile kichupa cha kubonyeza cha kuvutia dawa, na hawezi kuoanisha pumzi na mbonyezo, tengeneza chombo cha chupa ya plastiki ya mililita 500: toboa kitako kwa kiasi cha mdomo wa inhela, ingiza kwa kubana, mgonjwa avute kwa mdomo wa chupa. Utafiti umeonyesha kinafanya kazi vizuri. Dawa ya steroidi ikishavutwa, asukutue na kutema.

Vidonge usivisage bila kumuuliza mfamasia. Vile vya kutoa dawa polepole, kama baadhi ya vya presha na kisukari, vikisagwa humwaga kipimo cha siku nzima kwa mara moja.

Wakati wa kukimbia hospitali

Nimonia ya mzee mnyonge haiji na homa na kikohozi kila mara. Huja kama usingizi wa mchana kutwa, kuchanganyikiwa, kukataa chakula, kuanguka. Ongeza pumzi 30 au zaidi, midomo ya bluu, oksijeni chini ya asilimia 90, na usingoje asubuhi. Kwa mwenye ugonjwa sugu wa mapafu anayepewa oksijeni, lengo ni kati ya 88 na 92, hivyo waambie wahudumu mapema kwamba ana ugonjwa huo. Oksijeni ya kupita kiasi humdhuru.

Akikabwa, hawezi kukohoa wala kutoa sauti, usimpe maji wala bonge la matoke la kusukuma. Mwinamishe mbele, mpige kwa kiganja katikati ya mabega mara 5. Isipotoka, simama nyuma yake, ngumi juu ya kitovu, vuta ndani na juu mara 5. Badilisha hivyo hadi itoke au azimie. Akizimia, piga kelele za msaada na anza kukandamiza kifua.

Mrija wa puani

Ndugu wengi wanauomba wakidhani utamaliza habari ya kupaliwa. Baada ya kiharusi, kwa wiki chache, unaweza kuwa daraja zuri. Lakini mate bado yanateremka, na maziwa yanaweza kupanda kutoka tumboni, kwa hiyo mdomo usafishwe vilevile na kichwa kiinuliwe nyuzi 30 hadi 45 wakati wa kulisha. Ukichomoka, asiurudishe jirani. Mrija ulioingia pafuni ukamiminiwa uji unaua. Kwa mzee ambaye kumbukumbu imekwisha kabisa, mrija haujaonekana kumwongezea siku wala kumkinga na nimonia.

Huyo wa mwisho, kumtendea vema zaidi ni kumlisha kwa raha. Zungumza na familia yote siku moja, mkubaliane: tunajua anaweza kupaliwa, tutampa anachokipenda kwa kijiko, akiwa wima na macho, na akigeuza uso tunaacha. Kama kuhema kunamtesa, mofini ya maji, dawa kali ya maumivu, kwa kipimo kidogo hupunguza mateso hayo. Hospice Africa Uganda imekuwa Kampala tangu 1993, na tangu 2004 sheria yetu inawaruhusu wauguzi waliosomea tiba shufaa, yaani huduma ya kupunguza mateso ya mgonjwa, kuiandika, kwa hiyo uliza hospitali ya wilaya ni nani mwenye mafunzo hayo. Siku ambayo hata chai hataki, chovya kitambaa kwenye chai ileile, mlowanishe midomo, umpake mafuta isipasuke.